Mzee wangu anataka kupanda meli, nami naogopa karantini

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 68, na ninaishi Kibosho, Moshi, pamoja na mume wangu mwenye miaka 74. Februari ijayo tutatimiza miaka 45 ya ndoa. Binti yetu wa tatu, ambaye ni muuguzi huko Hamburg, Ujerumani, ametuandalia zawadi ambayo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuipata: safari ya siku saba kwa meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania. Tutaruka kutoka KIA, yeye atatupokea Genoa, nchini Italia, na hapo tutapanda meli itakayopita Marseille, Barcelona, Tunis na Palermo kabla ya kurudi Genoa. Mwenyewe hatapanda kwa sababu likizo yake haitoshi. Atatusindikiza hadi bandarini, atarudi kazini, kisha atakuja kutuchukua meli itakaporejea. Amekwisha kulipa sehemu kubwa ya fedha, na salio linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Viza bado hatujaomba.

Ili unielewe, sharti nikueleze kidogo habari za mzee wangu. Miaka ya sabini alikuwa karani katika bandari ya Tanga. Kazi yake ilikuwa kuhesabu marobota ya katani yaliyokuwa yakipelekwa kwa matishari hadi kwenye meli zilizotia nanga ghubani. Alizihudumia meli kwa miaka sita bila kupanda hata moja, na mpaka leo anawasimulia wajukuu jinsi zilivyokuwa zikiwasha taa jioni na kuondoka. Tangu binti yetu atoe habari hizi, amekuwa kijana tena. Amekwenda soko la Memorial kununua koti zito la bluu, na jioni hulivaa akienda kukagua mfereji shambani, eti alizoee.

Wiki tatu zilizopita mtoto wetu wa kwanza, anayefanya kazi Arusha, alikuja nyumbani akatuonyesha kwenye simu habari za meli ya kitalii ambayo abiria wake walikuwa wakitapika na kuharisha, na wagonjwa wamefungiwa vyumbani. Akatukumbusha ile meli iliyozuiwa Japani mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19. Akasema, mbele ya baba yake, kwamba wazee hawapelekwi kwenye sanduku la magonjwa. Dada yake alipopigiwa simu alijibu kwamba kaka yake ana wivu, na kwamba meli za siku hizi ni safi kuliko hospitali. Tangu siku hiyo hawasalimiani, na kila mmoja ananipigia mimi.

Mume wangu ana kisukari, huu ni mwaka wa 19, na anachoma insulini asubuhi na jioni. Ana tatizo la moyo, na kwa hilo hutumia vidonge, kimojawapo kikiwa cha kupunguza maji mwilini. Macho yake yamepungua nguvu, hivyo mimi ndiye ninayesoma namba kwenye mashine ya kupima sukari na kuhakikisha kipimo kwenye bomba la sindano. Miguu yake ni mizima, anapanda na kushuka shambani bila fimbo. Mimi nina presha tu.

Nikimwambia kwamba naogopa, hunijibu, "Mama, kifo hakina bandari." Jumuiya yetu imekwisha kutuombea safari njema, na kila nikienda gengeni naulizwa tunaondoka lini. Sitaki kumnyima mzee furaha aliyoingoja miaka hamsini, wala sitaki kumrudisha nyumbani katika sanduku. Je, twende au tusiende? Kama tusiende, nitamwambiaje? Na kama tukienda, tujiandae vipi?

Mama wa Kibosho

*

Shikamoo Mama,

Nitaanza na jibu, kwa kuwa salio linadaiwa mwezi ujao na hamna muda wa kuzungushwa. Safari hii ya Februari, kwa njia hii, na ninyi wawili peke yenu ndani ya meli, msiende. Sijasema mzee asipande meli. Nadhani anaweza kuipanda mwaka huohuo, na nitaeleza namna, lakini kwanza niseme kwamba sababu yangu si ile aliyoitoa kijana wako.

Ugonjwa aliouonyesha kwenye simu, kwa maelezo yako, unafanana sana na ule unaosababishwa na norovirusi, ambayo ndiyo chanzo cha kawaida cha kutapika na kuharisha melini. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani huzitaka meli zinazotia nanga katika bandari za nchi hiyo ziripoti wagonjwa wa aina hii, na hutangaza hadharani pale asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi wa meli wanapougua. Mwaka 2024 yalitangazwa matukio 18 ya namna hiyo. Ukiyasoma moja baada ya jingine kwenye simu utadhani bahari nzima inatapika, ilhali kituo hichohicho kinaeleza kwamba milipuko ya norovirusi inayotokea melini ni kama asilimia 1 tu ya milipuko yote inayoripotiwa kwao. Mingine hutokea nchi kavu, katika nyumba za kulelea wazee, hotelini na mashuleni, ambako hakuna anayesimama mlangoni akihesabu wagonjwa. Meli husikika kwa sababu inahesabiwa. Kwa hiyo "sanduku la magonjwa" ni maneno makali kuliko ukweli, na hakika hayakufaa kusemwa mbele ya baba.

Binti naye amepitiliza upande wake. Norovirusi huhitaji chembe chache mno kumwambukiza mtu, hukaa kwenye vishikizo vya ngazi na kwenye kijiko cha kupakulia ambacho watu mia mbili wamekishika kabla yako, na vitakasa mikono vya spiriti haviiwezi vizuri; kinachoiondoa ni sabuni na maji yanayotiririka. Hushamiri zaidi katika miezi ya baridi ya huko kaskazini, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Februari imo katikati kabisa. Muuguzi anayafahamu haya. Nadhani alijibu kama dada aliyeudhiwa na kaka yake, si kama muuguzi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, ugonjwa wenyewe humalizika ndani ya siku moja hadi tatu, na baadaye huwa simulizi ya kuchekesha. Kwa mzee wako hesabu ni nyingine. Mtu anayechoma insulini akishindwa kula na kutapika kila anachokunywa, sukari inaweza kushuka ghafla, au ikapanda kwa sababu mwili umo katika mapambano, na huwezi kujua imekwenda wapi bila kupima mara kwa mara. Kidonge cha kupunguza maji nacho kinaendelea kutoa maji katika mwili ambao tayari unayapoteza kwa njia mbili, na figo ndizo huumia kwanza. Hakuna lisilotibika hapo, ila linahitaji mtu mwenye macho mazima na akili iliyotulia, saa tisa usiku.

Na hapo, Mama, ndipo barua yako iliponisimamisha. Umeeleza maradhi ya mzee kwa aya nzima, ukajieleza wewe kwa maneno manne: "Mimi nina presha tu." Lakini wewe ndiye unayesoma namba. Wewe ndiye unayehakikisha sindano. Ninyi mnalala chumba kimoja, mnatumia choo kimoja na mnakula meza moja, na ugonjwa huu hauchagui. Tuseme wa kwanza kuugua ni wewe. Desturi ya melini ni kwamba mgonjwa hubaki chumbani mwake hadi siku moja au mbili zipite baada ya dalili kukoma. Wewe utakuwa umelala umeshika ndoo, na yeye atakuwa ameketi pembeni na kichupa cha insulini ambacho hawezi kusoma mistari yake. Wahudumu watakuja mkiwaita, na meli kubwa zina zahanati yenye daktari na wauguzi, lakini wakati wa mlipuko daktari huyo huwa na wagonjwa wengi kwa mpigo. Watoto wote wawili wamegombana kuhusu afya ya baba. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mama akianguka. Kwa kweli jambo hilo limenisikitisha kuliko ugomvi wenyewe.

Sasa tuje kwenye karantini, maana ndiyo uliyoitaja kama hofu yako. Ile meli ya Japani iliitwa Diamond Princess. Ilifika Yokohama tarehe 3 Februari 2020 ikiwa na watu 3,711, abiria wake wengi wakiwa wazee kama ninyi, na kuanzia tarehe 5 walitakiwa kukaa vyumbani kwa siku 14. Hatimaye walioambukizwa walikuwa 712. Kila mtu anaikumbuka idadi hiyo. Mimi ninachokumbuka zaidi ni abiria waliotundika vitambaa kwenye vizuizi vya roshani wakilalamika kwamba dawa zimepungua. Watu walikuwa wamefungasha vidonge vya siku za safari, pengine na siku mbili za ziada. Siku hizo zilipoisha, maelfu ya maombi ya dawa za presha, za moyo na za kisukari yalirundikana kwa wakati mmoja, na kila dawa ilibidi itafutwe kwa jina la nchi nyingine, iletwe gatini na ipelekwe chumba kwa chumba.

Wakati huohuo kulikuwa na meli nyingine ambayo hutajwa mara chache, iitwayo Westerdam. Iliondoka Hong Kong tarehe 1 Februari 2020, ikakataliwa Ufilipino, Taiwan, Japani, Guam na Thailand, ikazunguka baharini hadi ilipopokelewa Sihanoukville, Kambodia, tarehe 13. Mwishowe ilibainika kwamba ndani yake hapakuwa na mgonjwa wa virusi hivyo. Naomba uitafakari meli hiyo kuliko ile ya kwanza. Abiria wake hawakuugua, lakini walikwama, na kwa mtu wa insulini kukwama ni hatari hata pasipo virusi vyovyote.

Nalijua hilo tangu Desemba 1997, zile mvua za El Nino. Nilikuwa narudi Arusha na marehemu baba yangu kutoka Dar es Salaam kwa basi, na upande wa Korogwe tukakuta maji yameikata barabara. Tulikaa hapo siku tatu. Baba alikuwa na kisukari kama mzee wako, na kwa kuwa safari ilikuwa ya siku moja, alibeba kichupa kimoja cha insulini kilichobaki robo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai kando ya barabara alikichukua kile kichupa, akakitia ndani ya mfuko wa plastiki, akakifunga kwa kipande cha kanga na kukining'iniza ndani ya mtungi wake wa maji ili kisipate joto. Wazo lake lilikuwa zuri, na hadi leo namwombea. Lakini joto halikuwa tatizo letu. Insulini iliyofunguliwa huweza kukaa nje ya jokofu karibu wiki nne ikiwa haijapigwa jua wala joto la zaidi ya nyuzi 30. Tatizo lilikuwa kwamba ilikuwa inakwisha. Siku ya pili baba akaanza kupunguza dozi kwa kukisia ili ifike mbali, akifanya siri ili nisijue. Tulipofika Arusha alilazwa siku tisa. Mafuriko hayakumgusa hata kiatu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya safari yoyote wakati wa mlipuko wa ugonjwa ni hili: siku saba zikigeuka kuwa ishirini na moja, ninyi wawili mtakuwa katika hali gani? Nimeijaribu safari yenu kwa swali hilo, na imeshindwa katika mambo matatu.

La kwanza nimekwisha kulisema, nalo ni kwamba hakuna mtu wa tatu.

La pili ni bima. Ubalozi utawadai bima ya safari kwa ajili ya viza ya Schengen, yaani ile viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, bima yenye kulipa angalau euro 30,000, ikiwa ni pamoja na gharama za kumrudisha mgonjwa nyumbani. Wengi huinunua kama wanavyonunua stempu, ili fomu ikamilike. Bima za bei nafuu mara nyingi hazilipi maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kununua, na kwa mzee hayo ndiyo maradhi yote. Nyingine hazilipi hasara inayotokana na mlipuko uliokuwa umekwisha kutangazwa siku bima iliponunuliwa. Isitoshe, bima inayotosheleza viza huenda ikaishia katika nchi za Schengen, ilhali Tunis haimo, na kumtoa mgonjwa melini kwa helikopta ni gharama ambayo hata kuuza kihamba, lile shamba la urithi, haitoshi. Matibabu melini hutozwa papo hapo kwenye hesabu ya chumba. Kadi ya NHIF ya mstaafu ni ya hospitali za nyumbani, haitasaidia huko.

La tatu ni hiyo Tunis. Meli ikitoka Barcelona kwenda Tunis imetoka Schengen, na kurudi kwake ni kuingia upya, hivyo mngehitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ofisa asipoandika hivyo kwenye viza, safari imekwama kabla ya virusi. Niongeze jambo la kukupunguzia hofu: kanuni zao za viza zinaruhusu muda kuongezwa bila malipo kwa mtu aliyezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, kwa mfano karantini ndani ya nchi hizo. Huwezi kufukuzwa au kushtakiwa kwa sababu meli ilizuiwa, mradi uombe kabla viza haijaisha.

Sasa niseme ninavyoona inafaa. Binti yako anaishi Hamburg, na Hamburg ndiyo bandari kubwa kuliko zote za Ujerumani. Meli za kitalii huondoka hapohapo mjini, zikateremka mto Elbe hadi bahari ya kaskazini, na nyingi majira ya kiangazi huenda Norwei na kurudi. Ujerumani na Norwei zote zimo Schengen. Mwombe aulize kampuni kama fedha aliyolipa inaweza kuhamishiwa safari ya Juni ya namna hiyo. Aulize wiki hii, kwa maana kampuni hizi kwa kawaida huongeza makato kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia, na kwenye siku za mwisho hurudisha kidogo au hazirudishi kitu. Kama kuna hasara, na iwe hasara ndogo ya sasa. Juni norovirusi na mafua huwa vimepungua huko. Hakuna haja ya yeyote kwenda hadi Italia. Meli ikizuiwa wakati wa kurudi, inazuiwa mlangoni kwa binti yenu. Na kubwa kuliko yote, apange likizo yake apande nanyi. Ikiwa fedha haitoshi kwa watu watatu, siku zipunguzwe. Nisingepunguza dirisha, hata hivyo. Vyumba vya ndani visivyo na dirisha ni vya bei nafuu na huonekana si kitu kwa mtu anayekusudia kushinda juu kwenye hewa, lakini ukifungiwa humo siku tano hujui asubuhi wala jioni, na kwa mtu anayechoma sindano kwa saa, hilo nalo ni tatizo.

Kabla ya Juni kuna jaribio moja la nyumbani. Mwagize binti atafute mashine ya kupima sukari yenye maandishi makubwa, au zile zinazotamka namba kwa sauti, pamoja na kalamu ya insulini ambayo mtu huhesabu dozi kwa kusikia milio yake ikizungushwa, kisha daktari wa kliniki aidhinishe kama inafaa kwa aina ya insulini anayotumia. Halafu kwa wiki tatu mwache mzee ajipime na kujichoma mwenyewe, wewe ukitazama bila kusema neno. Itakuwia vigumu, maana mwalimu hanyamazi. Akiweza, safari ina miguu miwili. Asipoweza, mtajua kwamba mtu wa tatu ni wa lazima, si wa heshima tu.

Kwa daktari nendeni wote wawili, miezi miwili kabla, mkiwa na dawa zenu mkononi. Msiulize tu kama "anaruhusiwa kusafiri," kwa sababu daktari mwenye foleni ndefu atamtazama mzee alivyonyooka na kusema ndiyo. Ulizeni afanye nini na insulini siku ambayo hawezi kula, apime kila baada ya saa ngapi, kile kidonge cha maji akiache lini na akirudie lini, na dalili ipi ni ya kumwita daktari wa meli bila kungoja asubuhi. Aandike majibu kwenye karatasi. Insulini haiachwi kwa uamuzi wa mgonjwa mwenyewe, hata akiwa hajala. Mwulizeni pia kuhusu chanjo ya mafua na ya nimonia. Dawa zibebwe za siku ishirini na moja zaidi ya siku za safari, zote kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa insulini ikiwekwa kwenye mizigo ya chini ya ndege huweza kuganda, na insulini iliyoganda haifai tena. Pamoja nazo iwepo barua ya daktari kwa Kiingereza yenye majina halisi ya dawa, si majina ya kiwandani, na paketi kumi za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, ambazo ni nyepesi.

Mkiwa melini, osheni mikono kwa sabuni kabla ya kila mlo hata kama mlangoni kuna mtu anawanyunyizia kitakasa, na kuleni kwenye meza inayohudumiwa badala ya kupanga foleni ya kujipakulia. Mmoja akianza kuharisha, semeni mapema. Wapo wazee wanaoficha kwa kuogopa kufungiwa, wakaja kubebwa siku ya pili.

Nawe ukiona mzee hasikii, na Februari inabaki kuwa Februari, basi masharti yangu ni mawili yasiyopungua: binti au mtoto mwingine apande nanyi, na kampuni ya bima iandike wazi kwamba inalipia kisukari na moyo, baharini na Tunis pia. Kukosekana kwa moja kati ya hayo kunatosha kuwa jibu.

Namna ya kumwambia. Usimwambie kwamba unaogopa afe. Amekwisha kukujibu hilo, na jibu lake halina pa kushika. Mwambie kwamba wewe ukiugua hakuna wa kumsomea namba, na umwulize yeye mtafanyaje. Aliyekuwa karani wa bandari anajua hesabu, na swali hilo ni la hesabu. Mwambie jioni, mkiwa wawili, kabla ya kumpigia mtoto yeyote, ili watoto wapewe uamuzi wenu badala ya ninyi kupewa uamuzi wao. Kijana wa Arusha akitaka kusaidia, ulizia atachangia kiasi gani kwenye tiketi ya dada yake. Hapo mtajua kama ulikuwa wivu. Wa jumuiya na wa gengeni waambiwe tu kwamba safari imesogezwa Juni.

Kisha mwambie mzee habari hii, ambayo huenda aliwahi kuidokezwa Tanga. Mkonge ulioletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf ulisafirishwa kutoka Florida, Marekani, ukapitia bandari ya Hamburg. Miche ilikuwa elfu moja. Mingi ilikufa njiani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Marobota yote aliyoyahesabu kwenye yale matishari yalitokana na miche hiyo. Akipanda meli Hamburg atakuwa ameanzia palepale katani ilipopitia kumjia. Na koti lake alitunze vizuri dhidi ya nondo, kwa sababu Norwei hata Juni kuna baridi.